Kwako somo, kuhusu yale mabakuli

Kibokoni, Mombasa

Somo yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nyumbani sote wazima, mama akusalimu. Barua yako nimeipata. Waniuliza kama uache kazi ya skuli, ununue yale mabakuli ya shaba ya Himalaya yanayogongwa yakavuma, na uanze tiba ya sauti huko Malindi. Jibu ninalo, ila nianze na ninavyoishi mie.

Asubuhi ni udi. Nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa peke yake, na shingo haina vigawanyo, kwa hiyo kila sauti waitafuta kwa sikio. Baada ya udi ni nai, ile filimbi ya tete, kisha dumbak, ngoma ya kupigwa kwa mikono, na jioni nikipata nafasi, tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonye. Hiyo tashkota naipenda mno. Iliundwa Nagoya, Ujapani, mwaka 1912, na vibonye vyake ni kama vya taipureta. Ikapita India, ikatua hapa, na wapiga taarabu wa Mombasa wakaifanya yao. Mwaka 1987 wenye kampuni za rekodi walikutana London wakakubaliana kuuza nyimbo za watu kama sisi kwa jina la muziki wa dunia. Wakati huo dunia ilikuwa imekaa sebuleni mwetu zamani: udi wa Waarabu, tabla ya Wahindi, kayamba la Wamijikenda. Kwa hiyo mtu akiniambia nachanganya ala nyingi, namwambia nimerithi.

Alasiri nafundisha watoto, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Maqam ya Bayati, mojawapo ya mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, ina sauti iliyo katikati ya vibonye viwili vya kinanda. Mtu mzima aliyezoea kinanda huitafuta mwezi mzima. Mtoto wa madrasa huipata upesi, kwani ameisikia katika kisomo tangu akiwa mgongoni mwa mamake. Simfundishi sauti mpya, namuonyesha tu kidole kikae wapi.

Alhamisi usiku ndiyo ile kazi unayoiulizia. Watu hujilaza mikekani, nami huanza na bakuli, nikapuliza nai, nikamalizia na udi wa taratibu. Wengi ni wanawake wanaouguza wazee wao, na vijana wa zamu za bandarini. Muziki wa mwendo wa polepole hutuliza pumzi na mapigo ya moyo. Hilo limepimwa, nami nayaona mabega yakilegea. Hapo ndipo ninapokomea. Simwambii mtu bakuli litamshushia sukari wala kumuondolea uvimbe, na mwenye dawa za hospitali namsihi asiziache. Wako wanaouza mlio mmoja wa figo na mwingine wa ini. Hilo lanikasirisha wallahi, maana aliyekata tamaa hulipa chochote anachoombwa.

Tena usidhani tiba hii ni ya Himalaya peke yake. Katika ngoma za pepo za Wamijikenda, kayamba hutikiswa usiku kucha, na anayeumwa huwa kati ya jamaa na majirani. Matete na mbegu tu! Mie lililonishika ni kwamba mgonjwa haachwi na ugonjwa wake. Ndiyo maana kikao chetu kikisha hakuna anayetoka mbio. Twanywa kahawa tungu na kashata, watu wakazungumza. Mara nyingine naona mazungumzo hayo yamefanya kazi kuliko bakuli.

Basi, usiache skuli. Mabakuli si shida, utayapata, lakini sikio lako lanolewa na wale watoto kila siku, na mshahara wakulinda usije ukamuahidi mgonjwa usichokuwa nacho ili ulipe kodi. Anza na jioni moja kwa wiki, na hiyo nai uliyo nayo.

Skuli zikifungwa, njoo ukae nami. Utaketi Alhamisi moja uone kwa macho yako. Uje na zile nyuzi za udi nilizokuagiza, maana za hapa chumvi ya bahari imezila zote, na mwanafunzi wangu mkubwa apigia harusi mwezi ujao.

Akupendaye,
Somo yako