Salamu za Krismasi, hasa kwa tusiosalimiana

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi. Na wewe ambaye tuliacha kujuliana hali kwa ajili ya siasa, dhehebu au ule ugomvi wa urithi usiokwisha, heri iwe kwako pia. Wewe ndiye niliyekuwa nakuwaza zaidi nilipokuwa naandika.

Msimu huu upendo unatajwa mpaka unachuja. Ukiangalia vizuri, mwingi ni wa kulipana: zawadi kwa atakayetuletea zawadi, mwaliko kwa atakayetualika. Si dhambi, lakini mwenye sikukuu alilisemea jambo hili bila kupepesa macho. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu yuko mezani kwa Farisayo, naye anamwambia mwenyeji wake kwamba akiandaa karamu asiwaite rafiki, ndugu wala majirani matajiri, wasije wakamwalika naye akawa amelipwa. Awaite maskini, vilema na vipofu, kwa kuwa hao hawana cha kumrudishia. (Sijui wageni wengine waliendeleaje kula baada ya hapo.)

Jamii iliyogawanyika haikosi upendo. Kila kundi linapendana sana, lenyewe kwa lenyewe, na wengi wanaowachukia wenzao ni watu wema kabisa majumbani mwao. Upendo usiotazama faida ndio pekee unaovuka mpaka, na kuvuka kuna gharama ambayo mara nyingi hudaiwa na watu wako mwenyewe.

Wanajeshi wa mwaka 1914 waliijua gharama hiyo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa na miezi mitano tu, pale Wajerumani na Waingereza waliokuwa kwenye mahandaki ya Ubelgiji na Ufaransa waliposimamisha mapigano sehemu kadhaa wakati wa Krismasi. Waliimbiana, wakapeana tumbaku na vifungo vya sare, wakazika maiti waliokuwa wamelala katikati ya pande mbili. Kisa hiki hupendwa sana, ila mimi hunikaa zaidi kile kilichofuata: makamanda walipiga marufuku urafiki huo. Walijua wanachokiogopa, maana ni vigumu kumlenga mtu uliyemwashia sigara jana. Vita vikaendelea hadi Novemba 1918. Siku moja ya wema haikutosha.

Kuna anayeuliza: basi tusamehe tu, na waliodhulumu waende zao? Hapana. Mei 13, 1981, Mehmet Ali Ağca alimpiga risasi Papa Yohane Paulo wa Pili katika uwanja wa Mtakatifu Petro. Siku chache baadaye Papa, akiwa bado hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe. Desemba 27, 1983, siku mbili baada ya Krismasi, alimfuata gerezani Rebibbia, mjini Roma, wakaketi wakazungumza. Walipomaliza, Papa aliondoka, Ağca akabaki na kifungo chake cha maisha; Italia ilimpa msamaha mwaka 2000. Mtu alipendwa na kesi yake haikufutwa. Tunaodhani lazima tuchague kimoja kati ya viwili hivyo tunajipunguzia kazi.

Kwetu sisi tusio mapapa, kazi yenyewe ni ndogo na haina sifa. Ni kumzuia rafiki yako anaposambaza uongo kuhusu "wale". Ni kutocheka mzaha unaowadhalilisha watu wasiokuwepo, hata meza nzima ikikuona umebadilika. Ni kumsikiliza mpinzani mpaka amalize, bila kunoa jibu kichwani. Kama upendo wako haujawahi kuwaudhi watu wa upande wako, huenda bado hujatoka nyumbani.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja badala ya kadi. Mtafute mtu mmoja mliyeachana vibaya, umpigie simu. Usianze na hoja. Muulize habari za wazazi, watoto, afya. Asipopokea, usimhesabie. Mpigie tena Januari, wakati hakuna tena anayetakiana heri na hawezi kudhani unatimiza desturi.

Krismasi njema, na mwaka mpya mwema kwenu nyote, wa huku na wa kule.