Breki hulegea kabla ya kufeli, tusikilize pedeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji. Mimi ni mama mwoka mikate wa hapa Goba. Kila siku saa kumi na moja alfajiri natoka na Probox yangu imejaa kreti, nazishusha Makongo, Mlalakuwa na Mwenge, na saa mbili asubuhi nimesharudi nyumbani kukanda unga wa kesho. Naandika kuhusu maneno mawili ambayo magazeti yetu huyatumia kila gari linapoparamia watu: "lilifeli breki". Habari inaishia hapo. Msomaji anabaki akiamini kwamba breki zilikuwa nzima asubuhi na zikafa mchana, kama radi iliyopiga bila wingu. Gari langu lilifeli breki mwezi wa nne, katikati ya masika, na kabla ya hapo lilikuwa limeniambia kwa siku kumi na moja mfululizo.

Ilianza na pedi za mbele kupiga kelele. Nikapeleka gari gereji, fundi akafungua, akakuta pistoni za kalipa zote mbili za mbele zimeshika kutu. (Kalipa ni lile dude la chuma linalobana pedi kwenye diski.) Akanishauri tutafute za mtumba, tukazipata Ilala, zimetoka kwenye gari la aina ileile, zikafungwa siku hiyohiyo. Nilipowasha na kukanyaga, pedeli ilizama kama nimekanyaga tope. Nikaachia nikakanyaga tena, ikasimama juu kidogo. Mara ya tatu ikawa ngumu. Madereva wanaziita breki za kupampu, na wengi wamezizoea kiasi kwamba ukiwauliza watakwambia gari halina tatizo.

"Mama, hiyo itajikaza yenyewe ukitembea nalo," fundi akaniambia.

Haikujikaza. Nikarudi, akatoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya breki, nikalipa Sh20,000. Siku tatu baadaye nikarudi tena, akatoa upepo tena, nikalipa tena. Mara ya tatu akasema sasa ni masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli), niandae Sh150,000. Nikamwambia nisubiri niuze mikate ya wiki hiyo kwanza. Hapo ndipo nilipokosea, maana niliendelea kubeba mizigo na gari ambalo mguu wangu ulishajua kwamba halisimami.

Siku ya kumi na moja nilikuwa nashuka mteremko kuelekea Makongo, lami imelowa, nyuma kuna kreti thelathini. Bajaji iliyokuwa mbele ikasimama kupakia abiria. Nikakanyaga, mguu ukafika mpaka kwenye kapeti. Nikapampu mara mbili, nikashusha gia kwenye L, nikavuta hendibreki kidogo kidogo huku nikilisogeza gari pembeni. Lilisimama likiwa limeshaigusa bajaji kwa nyuma. Ndani alikuwemo dada mmoja na mtoto aliyevaa sweta la shule. Hakuna aliyeumia. Nilikaa mikono inatetemeka, mpaka dereva wa bajaji akaja dirishani akaniuliza, "Mama, uko salama?" Yeye ndiye aliyegongwa, na ndiye aliyeniuliza mimi. Namshukuru mpaka leo.

Jirani yangu ni mzee aliyeendesha malori ya Mbeya kwa miaka mingi, mtu aliyeushuka Mlima Kitonga mara zisizohesabika. Jioni ile nilikwenda kumwamkia, nikamweleza. Akachukua tochi, akaniambia nikate usukani wote kulia, akachungulia nyuma ya tairi la mbele. Spana hakuigusa.

"Mwanangu, nati ya kutolea upepo iko wapi hapa?"

Nikatazama, nikamjibu, "Iko chini, mzee."

"Na hewa ikiwa ndani ya maji inakwenda wapi?"

Nilielewa kabla sijajibu. Kalipa ya kushoto ilifungwa kulia, na ya kulia ikafungwa kushoto. Zinakubali kabisa, bolti zinaingia na pedi zinakaa, lakini ile nati ndogo ambayo inatakiwa iwe juu kabisa inageuka na kuwa chini. Fundi akiifungua, yanatoka mafuta masafi yasiyo na povu hata moja, naye anaamini amemaliza. Kumbe hewa imekaa juu ya kalipa, na pale ilipo haina njia ya kutokea. Angeweza kutoa upepo mara mia na pedeli ingebaki vilevile. Na masta silinda mpya isingesaidia kitu.

Mimi ni mtu wa unga, kwa hiyo jambo hili nililielewa kwa njia yangu. Donge ambalo halijaumuka ukilipiga ngumi linakurudishia mkono. Lililoumuka linazama, kwa kuwa ndani limejaa hewa. Mafuta ya breki hayabanwi, ndiyo maana nguvu ya mguu inafika kwenye gurudumu. Hewa inabanwa. Mguu unamaliza safari yake yote kwa kuiminya hewa, huku pedi hazijaisukuma diski ipasavyo.

Jumamosi tulizibadilisha, kila moja ikarudi upande wake, kisha mzee akanifundisha kutoa upepo. Mwanangu wa kidato cha tatu alikaa kwenye usukani, mimi nikakaa kwenye gurudumu. Nitaeleza kwa urefu kidogo, Mhariri, kwa sababu nimegundua watu wengi wanadhani kazi hii inahitaji mashine.

Gari liliwekwa mahali tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yakazuiwa kwa mawe, na upande ulionyanyuliwa ukakalishwa juu ya stendi za chuma. Mzee hataki kabisa kuona mtu ameingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tulinunua kopo jipya la mafuta, aina ileile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la breki ndani ya boneti. Langu ni DOT 3. Spana ilikuwa namba 10 mbele na namba 8 nyuma. Mpira nilinunua duka la dawa, ule wa dripu, kwa sababu unaonyesha kinachopita ndani. Ncha moja unaivalisha kwenye nati ya upepo, nyingine unaizamisha kwenye chupa ya maji ya nusu lita ambayo tayari ina mafuta ya breki kidogo, ili hata ikitokea ikavuta, ivute mafuta.

Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Magari yetu mengi yana usukani kulia, na masta silinda iko upande huohuo, kwa hiyo mbali ni nyuma kushoto. Ikafuata nyuma kulia, mbele kushoto, tukamalizia mbele kulia. Yapo magari ambayo kitabu chake kinataka mpangilio mwingine, na hapo kitabu ndicho kinachofuatwa.

Basi kazi yenyewe ni maneno. Nasema "kanyaga", mwanangu anakanyaga taratibu na kujibu "nimeshika". Nafungua nati robo mzunguko, mafuta yanatoka, pedeli inashuka, yeye haachii. Nafunga. Ndipo nasema "achia". Akiachia kabla sijafunga, hewa inarudi ndani kupitia pale palipo wazi. Alifanya hivyo mara moja, tukaanza upya gurudumu lile. Kila baada ya mara tano mzee alikuwa anaongeza mafuta kwenye kopo la juu, maana likikauka, hewa inaingia kwa mlango wa mbele na kazi yote ya asubuhi imepotea. Jambo ambalo sikuwahi kuliona gereji: aliweka kipande cha ubao chini ya pedeli ili isifike mwisho. Kwenye gari la zamani, huko ndani mwisho mwa masta silinda, mahali ambapo mipira yake ya kuzibia mafuta haifiki siku za kawaida, huwa pameota kutu na uchafu. Ukikandamiza mpaka sakafuni, mipira inakwenda kukwanguliwa huko, na unazalisha ugonjwa ambao haukuwepo.

Gurudumu la mbele kulia lilitoa povu kama soda iliyotikiswa. Kisha yakafuata mafuta meusi, kisha masafi. Tulipofunga kila kitu mwanangu alikanyaga, akaniita nije nijaribu mwenyewe. Pedeli ilisimama juu, ngumu, mara ya kwanza tu. Tukawasha injini, tukakanyaga kwa nguvu huku mzee akichungulia kama kuna panapovuja, halafu nikalizungusha gari uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, nikisimama kila hatua chache. Barabarani sikutoka mpaka jioni.

Sitaki msomaji aamini kwamba kila pedeli laini ni hewa. Washa injini, kanyaga na ushikilie bila kuongeza nguvu: ikizama polepole chini ya mguu, kuna mahali panavuja au mipira ya masta silinda imechoka, na hapo kutoa upepo ni kupoteza pesa. Tazama ndani ya magurudumu kama pamelowa. Gari lenye shuu nyuma (zile zinazotanuka ndani ya ngoma badala ya kubana diski), shuu zikilika au zikikaa mbali na ngoma, pedeli nayo hushuka sana, na hizo zinahitaji kurekebishwa. Mpira wa breki unaopitisha mafuta mpaka kwenye gurudumu, ukizeeka, huvimba mtu anapokanyaga. Ushike kwa mkono, utausikia. Na kwenye gari lenye ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla), hewa ikiingia kwenye pampu yake inaweza kuhitaji fundi mwenye kompyuta. Anayeona hana uhakika ampe fundi, ila akae pale aone nati ya upepo inaangalia wapi.

Niseme na hili la mafuta, kwa sababu sisi tunaishi kando ya bahari. Mafuta haya ya DOT 3 na DOT 4 yanakunywa unyevu wa hewa, hata kupitia mipira, gari likiwa limesimama tu. DOT 3 mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205. Yakishanywa maji kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka mpaka 140. DOT 4 ni 230, yakilowa 155. Pedi zikipata moto kwenye mteremko mrefu, mafuta yaliyolowa yanachemka ndani ya kalipa, yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama hewa. Gari lililopanda Kitonga na breki nzuri linaweza kuushuka bila breki, na likipoa fundi akaja kupima asikute kasoro. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanashauri mafuta yabadilishwe kila miaka 2 hivi. Mimi la kwangu ninalo tangu 2019 na sikuwahi kuulizwa na fundi yeyote yalibadilishwa lini.

Halafu nimeona kwa macho yangu, kituoni, konda akimiminia maji ya chupa kwenye kopo la breki la daladala, na abiria wamekaa ndani. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 na yanaozesha vyuma vyote humo ndani. Wengine wanatia oili ya injini au ya gia, ambayo inavimbisha mipira yote ya mfumo mpaka inaachia. Kuna duka lilitaka kunipimia mafuta ya breki kutoka kwenye debe lililokaa wazi, kwa bei nafuu. Nilikataa. Kopo jipya lililofungwa halizidi bei ya mikate michache. (Na yakidondokea bodi, mwagia maji papo hapo, langu limeacha alama juu ya taa, rangi imebabuka.)

Sasa ombi langu kwako, Mhariri. Mwandishi wako akifika kwenye ajali na kuambiwa gari lilifeli breki, naomba aulize maswali matatu zaidi. Pedeli ilianza kulegea lini? Dereva alimwambia nani, na aliyeambiwa akajibu nini? Mafuta ya breki yalibadilishwa lini? Madereva wengi si wenye magari. Wanarudi jioni, wanamwambia tajiri breki zinapampu, tajiri anajibu tutaona mwisho wa mwezi. Majibu hayo yakichapishwa gazetini, mwenye gari atakayesoma atajua kwamba na yeye ataulizwa. Kwa sasa jina linaloandikwa ni la dereva peke yake, kama hajafa.

Na kwa wauzaji wa spea za mtumba wa Ilala na Gerezani: mnapofungua kalipa kwenye gari, tafadhalini chukueni chokaa au rangi, andikeni "kushoto" na "kulia" kabla hamjazirusha kwenye rundo. Mimi zangu nimeziandika kwa rangi nyeupe, bado zinasomeka.

Mama wa mikate,
Goba, Dar es Salaam