Dada, usiku ule niliitwa

Dada yangu,

Assalaam aleikum. Najua barua hii itakufikia kabla ya adhuhuri, maana wanao husoma kila ninachoandika hapa, na yule mdogo hawezi kulala na jambo moyoni. Ningekupigia, lakini tangu wiki iliyopita simu yangu unaiacha ilie mpaka inyamaze yenyewe. Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara nne. "Usimtie mwanangu maneno. Yaliyotupata sisi yanatosha."

Sikumtia maneno. Binti yako alikuja mwenyewe, mtoto kambeba mgongoni, mvua imemlowesha leso yote, akatoa cheti chake cha kidato cha nne ndani ya mfuko wa nailoni akakiweka mezani. "Mama mdogo, hii C itanifikisha?" Nikakisoma. C ya jumla, C ya Biolojia, C+ ya Kiswahili, Kemia C ya kutoa. Nikamwambia kweli, kwamba kwa stashahada ya uuguzi hiyo yatosha kuomba. Ulitaka nimwambie nini? Nimdanganye mtoto ambaye mimi na wewe tulimchanjia kuni za arubaini yake?

Ana miaka 22, Dada. Mimi nilirudi darasani 2015 nina miaka 29, mume hayupo, mwanangu hajatimiza miaka 2. Na aliyenipeleka ni wewe. Hili hulisemi siku hizi, kwa hivyo nitalisema mimi. Wewe ndiye uliyetoa ule mkebe wa maziwa ya unga chini ya kitanda, ukamwaga pesa juu ya mkeka, noti za hamsini na za mia zimeshika mafuta ya mahamri. Tulizihesabu mara mbili. Karani wa chuo alipozipokea alikuwa akifuta vidole kwa karatasi kila baada ya noti chache, nami nilisimama pale dirishani nikaona fahari ambayo sijaiona tena, hata siku nilipopata namba yangu ya Baraza la Wauguzi. Mahamri yako yalinisomesha muhula wa kwanza na wa pili. Mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, ulipokuja, ulikuta nimeshasimama.

Kwa hivyo usidhani nimesahau. Alfajiri ya saa kumi wewe unasukuma unga, mimi nachemsha maji ya kuogea, mtoto amelala katikati ya mito miwili. Nilijifunza mifupa ya mkono nikiwa nimesimama ndani ya feri, daftari kifuani, watu wananisukuma kila upande. Jioni nikirudi namkuta ameoga, ameshiba, amelala, ananukia iliki ya nguo zako. Kuna siku alikuita wewe mama na mimi akaniita kwa jina. Ulicheka. Mimi niliingia chooni nikafungua mfereji ili usinisikie.

Sasa tufike kwenye usiku ule, kwa sababu ndio unaotugombanisha tangu hapo, na ndio unaomnyima mwanao chuo.

Mei 2016, masika. Mtoto alikuwa na joto tangu laasiri. Nilimgusa shingo, nikampa dawa ya maji ya kushusha homa, nikavaa sare. Ukaniambia, "Leo usiende." Neno hilo ulilisema mara moja tu, hukurudia. Nikakwambia mwanafunzi akikosa zamu ya leba anairudia yote, na hiyo ilikuwa kweli. Nikaenda.

Saa nne usiku degedege ikamshika. Yote haya wewe ndiye uliyenisimulia, tena ukawasimulia na wengine: arusini umesimulia, matangani umesimulia, kwa mwenye kuuliza na asiyeuliza. Ulimfunga kwa leso ukatoka mbio. Ulipita hospitali ya karibu hukusimama, ukataka umfikishe alipo mamake. Ukavuka.

Na mimi najua kuvuka kule kulikuwa na uzito gani kwako. Feri ya Mtongwe, hapa kwetu Mombasa, ilipozama Aprili 1994 na watu zaidi ya 270 wakafa, mimi nilikuwa mdogo, lakini wewe ulikuwa mkubwa wa kutosha kusimama na Mama ufukweni kuangalia wanaotolewa. Tangu siku hiyo Mama hakutaka mwanawe avuke usiku, na wewe hofu hiyo ulirithi nzima. Usiku ule ulivuka na mtoto wangu mikononi, mvua inapiga bati la feri, ukasimama katikati kabisa, mbali na maji. Asiyekujua hawezi kuelewa hilo. Mimi nalielewa.

Ukanikuta ukumbini karibu saa sita, watu wamejaa kwenye benchi, na ukasema kwa sauti ambayo mpaka leo naisikia nikifungua mlango wa wodi yoyote: "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe unazalisha wa wenzio, wako anakufa."

Miaka yote hii nimekwambia sikujua mko chini. Nimekwambia simu ilikuwa imefungiwa kabatini, kama ilivyo sheria kwa wanafunzi, na kwamba hakuna aliyenifikishia habari. La simu ni kweli, ulikuwa umepiga mara 11. Lakini la habari si kweli, Dada. Usiku ule niliitwa.

Mlinzi alipanda ngazi, akasimama nje ya pazia, akasema kuna mama ana mtoto wa degedege anamtafuta fulani, akataja jina langu. Nilimsikia vizuri. Mbele yangu alikuwa mwanamke mzazi, mtoto wake wa nne, kondo limetoka, na damu haikatiki. Wenye kazi hii tunajua: damu ikishapita nusu lita baada ya kuzaa, huna muda wa kufikiri. Mji wa mimba usipokaza, mishipa inabaki wazi, na mama anaweza kuisha huku unamwangalia anazungumza. Sindano ya oksitosini, ya kukaza mji wa mimba, ilikuwa imeshadungwa na damu bado inakuja. Nesi wa zamu alikuwa mmoja tu na wenye uchungu walikuwa watatu. Aliushika mkono wangu akauweka juu ya tumbo la yule mama, chini ya kitovu, akasema, "Sugua, usiondoe mkono," akaenda kuandaa dripu.

Nikasugua. Chini ya kiganja mji wa mimba ulikuwa laini kama unga uliozidi maji. Mlinzi akarudia jina langu. Nikamwambia, "Mwambie nakuja." Nikaendelea kusugua. Sijui dakika ngapi, labda 20. Ulikaza kidogo kidogo, ukalegea tena, ukakaza, mpaka ukawa mgumu kama chungwa chini ya vidole vyangu, na kitambaa alichowekewa hakikulowa tena. Yule mama alikuwa ananiangalia usoni muda wote, ananiuliza mtoto wake wa kike ama wa kiume. Nikamwambia wa kike. Kisha ndipo nikashuka.

Nimeyapima haya usiku mwingi. Nikiondoa mkono, na mtoto wangu yuko chini mikononi mwa daktari, yule mama angekuwa na nani? Wangu alikuwa nawe. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na bado najiambia: mwanangu alikuwa na dada yangu. Wewe unasikia nilimwacha. Mimi nasema nilimwacha kwako, na hakuna mkono mwingine Mombasa nzima ambao ningemwachia nikabaki nimesimama. Lakini sikukwambia, na miaka 9 nimekuacha uamini nilikuwa sijui, kwa sababu niliona uongo ule utakuumiza kidogo kuliko kweli hii. Ama utaniumiza mimi kidogo. Hiyo nadhani ndiyo sababu.

Na mimi pia nina langu kwako. Nilipomfungua mtoto kinywa asubuhi yake, jino la mbele la juu lilikuwa limevunjika pembe. Ulikuwa umemtia kijiko. Sikukuuliza, na wewe hukusema. Mtoto wa degedege hatiwi kitu kinywani, Dada, si kijiko, si kidole, si kitunguu. Analazwa ubavu ili mate yatoke, anaondolewa karibu na kitu cha kumgonga, mtu anaangalia saa, na ikipita dakika 5 anakimbizwa hospitali iliyo karibu zaidi, hata kama mamake hayupo hapo. Kila nilipoliona jino lile anapocheka nilikasirika nawe. Kisha nikikasirika nakumbuka kwamba somo la degedege tulifundishwa wiki mbili kabla ya usiku ule. Nilikuwa nalo ndani ya daftari, nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu, na daftari lilikuwa juu ya kabati lako. Nilikuwa nakuja nyumbani nimechoka, nala chakula chako, nalala. Sikukukalisha hata siku moja nikakwambia ninachosoma. Uliyekuwa unakaa na mtoto ni wewe na aliyekuwa anajua ni mimi.

Vipimo vilionyesha malaria. Sindano ya kwanza ya atesuneti, dawa ya malaria, alidungwa usiku uleule, ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya 24, na saa zote hizo mimi sikutoka kitandani pake. Hilo mbona hulisimulii? Na mgomo wa wauguzi wa 2017, ulioanza Juni ukaisha Novemba, wodi zimefungwa na sisi wanafunzi hatuna wa kutufundisha, nilikaa nyumbani nikalea miezi 5 mfululizo, nikampeleka mtoto chekechea kila asubuhi kwa miguu yangu. Nalo hulisimulii.

Haya, yamenitoka. Nilianza kuandika juu ya mwanao.

Unasema atasoma kisha akae nyumbani, kazi hakuna. Sikatai. Mimi mwenyewe nilikaa miezi 14 na cheti kwenye bahasha, na ya kwanza niliyopata ilikuwa ya mkataba. Unasema mtoto wake hajaachishwa ziwa. Ana mwaka na nusu, Dada, na mwezi wa kufungua chuo atakuwa amekaribia 2. Mamake anaweza kumnyonyesha asubuhi na usiku, na maziwa ya kukamua nitamfundisha mimi mwenyewe. Unasema wewe huwezi tena kulea, magoti yanakuuma. Hili ndilo nililosikia kuliko yote, na sitaki uliseme mara mbili. Siku zangu za mapumziko ni mbili kwa wiki, na nikitoka zamu ya usiku nina mchana. Mtoto atakuwa kwangu siku hizo, na siku nyingine wewe utakaa kitini na msichana wa kazi atainuka. Mshahara wake nitatoa mimi. Ni deni la ule mkebe, nalo bado sijalilipa hata robo.

Jambo moja tu nataka tufanye ambalo mimi na wewe hatukufanya. Kila Ijumaa mwanao akija na daftari, akae nawe jikoni akusomee. Usimwambie umechoka. Naye nimeshamwambia asikubali kuambiwa.

Mwanangu sasa ana miaka 12, usiku ule haukumbuki hata kidogo. Jino lile lilitoka, likaota jingine, zima. Juzi ameniuliza mama mkubwa kwa nini haji, nikamwambia ana kazi nyingi.

Jumamosi natoka zamu saa moja na nusu asubuhi. Nitavuka hivyohivyo na sare yangu. Fomu ya mwanao ninayo, nimeijaza kwa penseli, nafasi ya mzazi nimeiacha. Mlango ukiwa umefungwa nitakaa hapo barazani, na majirani wakiniuliza nitawaambia namngojea dada yangu amalize kuepua mahamri.