Waini ya Dodoma iuzwe kwa glasi

Mhariri, naomba nafasi niongee na wenye migahawa wa hapa Dodoma maana hili jambo linaniuma.

Mwezi uliopita nilienda kula na mke wangu sehemu moja mjini, tukaagiza mbuzi choma na ugali, nikamuuliza dada anayehudumia kama wana waini nyekundu ya hapa, ile drai isiyo na sukari. Akasema drai ipo ya Afrika Kusini tu na lazima uchukue chupa nzima, ya Dodoma ni ile tamu ya kugongesha glasi kwenye maharusi. Tukanywa soda. Jamani, Hombolo kwenye mashamba ya zabibu ni hapo tu, unaenda na kurudi asubuhi moja, zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka wakati nchi nyingi wanavuna mara moja, halafu mezani kwetu haipo!

Baba yangu analima zabibu Mpunguzi. Viwanda vikishajaa zinamuozea shambani, nimeyaona kwa macho yangu, ndo maana siwezi kunyamaza. Waini ya harusi mtu anainywa mara moja moja, ila ya chakula anaweza kunywa glasi moja kila Jumapili na huyo ndo mteja wa kudumu.

Wengine wanasema drai ni chungu. Ule ni ukakasi, unatoka kwenye maganda na kokwa, ukiinywa tupu unausikia ulimini kama umeng'ata ndizi mbichi lakini ukiinywa na nyama ya mbuzi yenye mafuta unalainika kabisa, na nyama nayo inanoga. Mi nyumbani nakunywa ile ya Makutupora, aina ya zabibu nyekundu za hapa Dodoma, joto la mwezi wa kumi na moja naiweka kwenye friji kama nusu saa kwanza, maana ikiwa ya moto unasikia pombe tu.

Najua wanaogopa chupa ikifunguliwa itageuka siki. Irudishieni kizibo muweke kwenye friji, siku tatu inakaa vizuri tu, na chupa ya mililita 750 inatoa glasi 5, wateja watano imeisha.

Naomba muanze na chupa mbili tu, nyekundu ya Makutupora kwa mbuzi na nyeupe ya zabibu aina ya Chenin Blanc kwa kuku na samaki, na bei ya glasi iandikwe kwenye menyu hapo hapo chini ya chakula, siyo ukurasa wa mwisho.

Msomaji wenu,
Dodoma