Mfunze kuvua na kuvaa kabla ya herufi

Mhariri,

Shule zinapokaribia kufunguliwa Januari, wazazi wa Nairobi hupewa orodha ya mahitaji ya mtoto anayeingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea: magauni mawili, sweta, viatu vyeusi, begi, karatasi za shashi, rangi za kuchorea. Wengi huongeza kitabu cha herufi, na binti wa miaka minne hukaririshwa a, e, i, o, u hadi usingizi umchukue mezani. Lakini wiki ya kwanza mtoto hashindwi na herufi, maana hizo amekuja kufunzwa. Anashindwa na zipu iliyo mgongoni, mfuniko wa chakula chake na choo.

Kwa mabinti, suala la choo ndilo zito kuliko yote na ndilo lisilozungumzwa. Kwa sababu ya baridi ya asubuhi, mtoto huvalishwa chupi, juu yake baika (kaptura ya kubana), juu yake soksi ndefu za kubana zinazofika kiunoni, kisha gauni lenye mkanda wa kufunga kwa nyuma. Watoto wa umri huo huchelewa kuhisi mkojo, hasa mchezo ukinoga, na wakihisi wamebakisha dakika moja au mbili. Anafika chooni, anakunja gauni, anavuta soksi, zinakwama mapajani. Mkojo unatoka. Kesho yake anajua la kufanya: hanywi maji kabisa. Jioni chupa inarudi imejaa vilevile, na mzazi anadhani amesahau kunywa.

Matokeo yake ni kukosa choo kikubwa siku mbili tatu, kisha choo kigumu kinachomuumiza, naye anazidi kujizuia. Mkojo nao ukikaa ndani muda mrefu huwapa bakteria nafasi ya kuzaana. Njia ya mkojo ya msichana ni fupi, na haiko mbali na njia ya haja kubwa, ndiyo maana mabinti hupata maambukizi ya mkojo kwa urahisi kuliko wavulana. Mtoto aliyekwisha kuacha kujikojolea akianza tena, akilia wakati wa kukojoa, akienda chooni kila mara na kutoa matone tu, au akiwa na homa bila mafua wala kikohozi, apelekwe kituo cha afya apimwe mkojo. Kumnunulia antibiotiki dukani kwa kubahatisha ni kuficha ugonjwa. Na tafadhali, tuache kutia dawa za kuua viini kwenye maji ya kuwaogesha mabinti. Sehemu hizo zinatosheka na maji safi. Dawa na sabuni za manukato huwasha ngozi, na mtoto hukaa darasani akijikuna.

Mazoezi ya choo yanahitaji wiki mbili, akiwa amevaa sare kamili. Mfunze kushika pindo la gauni, kulikusanya mbele na kulibana kwa kidevu ili mikono yote miwili ibaki huru. Dole gumba moja kila upande wa kiuno, asukume nguo chini hadi magotini, zisifike kwenye vifundo vya miguu, maana sakafu ya choo cha shule mara nyingi huwa na maji. Ajipanguze kutoka mbele kwenda nyuma, kila mara. Wanaotumia maji wafuate mwelekeo huohuo. Mtoto aliyekulia kwenye ghorofa yenye choo cha kukalia anahitaji pia kuzoea kuchuchumaa, kwa sababu tundu la choo cha shimo humtisha sana; anaamini atatumbukia. Afunzwe kutanua miguu, kisigino kiguse chini, mkono mmoja ukutani. Soksi ndefu ziondolewe kabisa. Soksi za magotini na suruali ya traksuti yenye mpira kiunoni zinatosha hata kwenye baridi ya Juni hadi Agosti.

Tukiwa hapo, mtoto ajue jina la kila kiungo chake. Anayeita uke wake "ua" au "keki" hawezi kumweleza mwalimu anaumwa wapi, wala nani amemgusa. Ajue ni nani anaruhusiwa kumsaidia chooni, na kwamba hakuna siri ya chooni asiyoweza kuwaambia mama na baba. Namba ya simu 116 hupigwa bila malipo na yeyote anayehitaji msaada kuhusu mtoto. Iandikwe mahali yaya anaweza kuiona.

Jambo la pili ni usingizi, na hapa tunawalaumu wazazi wazi kabisa. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13 za usingizi kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Mzazi anayeishi Kasarani akachagua shule iliyo upande wa Lang'ata kwa sababu ya jina lake anajua gari litamchukua mtoto kabla ya mapambazuko. Hebu tufanye hesabu. Aamshwe saa kumi na moja alfajiri, na baba amefika nyumbani saa mbili na nusu usiku, mtoto akataka kumwona, akalala saa tatu. Hizo ni saa nane. Mtoto huyo husinzia kwenye gari, hufika akiwa na hasira, na mwalimu huandika kwamba hana makini. Shule ya mtaani unayoifikia kwa miguu kwa dakika 20 inamfaa mtoto wa PP1 kuliko ile yenye bwawa la kuogelea upande wa pili wa jiji. Kama gari la alfajiri haliepukiki, taa zizimwe saa moja na nusu, begi na sare viwe tayari tangu jioni, na baba aonane naye asubuhi.

Chakula kina kasoro moja kubwa: mzazi hupakia anachoweza kufungua yeye. Hotipoti mpya hubana; mvuke ukipoa ndani, mfuniko hunata hata mtu mzima akahangaika nao. Mpe akajaribu nyumbani mara tano ukiwa umekaa mbali. Akishindwa, tafuta kibakuli chenye mfuniko mwepesi. Mapumziko si marefu, kwa hiyo chapati moja ikatwe vipande vinane, yai la kuchemsha limenywe kabisa, ndizi ichanwe kidogo kwenye ncha. Kabla ya kutoka nyumbani anywe kikombe cha uji, kama mililita 200, na aende chooni baada ya hapo hata akisema hana haja.

Nywele. Usimsuke Jumapili jioni. Matuta mapya huvuta ngozi, na maumivu hukaa siku moja au mbili, kwa hiyo Jumatatu mtoto huamka na kichwa kinachouma. Msuke Ijumaa au Jumamosi asubuhi, matuta manane hadi kumi, bila nywele za bandia na bila kubana kwenye paji la uso. Ukiona vipele vidogo kwenye mstari wa nywele, fumua siku hiyohiyo. Kuhusu mapunye, ambayo huenezwa kwa vitana, kofia na taulo za kushirikiana, mafuta ya kupaka peke yake hayatibu, kwa sababu kuvu hao huingia ndani ya unywele wenyewe. Daktari huandika dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, nayo imalizwe hata nywele zikianza kuota.

Nyumbani nako kuna mdogo wake, wa mwaka mmoja na nusu au miwili, ambaye ghafla amekosa mwenzake wa mchana kutwa. Asiamshwe alfajiri kwenda kumsindikiza dada kwa sababu tu yaya hana wa kumwachia. Jirani mmoja akisaidia kwa nusu saa, usingizi wa mtoto huokoka. Anayerudi kutoka shuleni naye huwa amejizuia siku nzima, amekaa, amepanga foleni, amenyamaza. Akifika mlangoni na mdogo akamrukia na kushika begi, vita huanza. Mpe mkubwa maji na tunda, akae peke yake dakika 20 kabla ya maswali. Kisha usimuulize amefunzwa nini, maana atasema "hakuna". Muulize nani alikaa kando yake, na choo kilikuwaje. Mdogo apewe kazi yake: kuvuta viatu vya dada na kuvipanga pembeni.

Kwa upande wa shule, elimu ya chekechea iko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo ombi letu la kwanza ni kwa kaunti ya Nairobi: vyoo vya PP1 na PP2 viwe na matundu madogo, ndoo ya maji na sabuni inayofikiwa na mtoto wa kimo hicho. Kwa walimu wenzetu, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumpiga, na vilevile kwa kumtesa kiakili. Kumsimamisha binti aliyejikojolea mbele ya wenzake ni mateso hayo. Kila darasa liwe na kikapu chenye chupi safi tano na suruali tatu, na mtoto abadilishwe kimyakimya.

Na walimu wakuu, mnapochapisha orodha ya mahitaji, waiteni wazazi na mabinti wao alasiri moja kabla ya muhula kuanza. Mtoto aingie chooni akiwa na mama yake, ajaribu kuchuchumaa, anawe mikono, kisha aonyeshwe ndoano atakayotundika begi lake.

WALIMU WA CHEKECHEA,
Umoja, Nairobi