Mjomba, mwisho ulionisimulia haumo kitabuni

Mjomba shikamoo. Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye simu kila nikianza hii habari unasema mtandao unakata, na najua watoto watakusomea tu jioni. Majina siweki, la kwako wala la mtu mwingine, kwahiyo presha isipande.

Unakikumbuka kile kitabu cha Bwana Msa, yule mpelelezi wa hadithini, pale kwako Igombe kando ya Ziwa Victoria, kisicho na jalada wala kurasa za mwisho, kinanuka dagaa kwa vile ulikuwa unakiweka juu ya magunia? Nilikisoma nikiwa la sita, nikafika pale kinapokatika nikalia kabisa, ndo ukanikalisha ukanimalizia kwa mdomo. Ukasema aliyefanya yale yote ni mtu wa kuja, akapanda jahazi akapotea, na ndugu wakaendelea kula sinia moja. Nikalala vizuri.

Sasa mwezi uliopita nimekipata kizima kwa muuza vitabu vya mtumba hapa mjini. Kumbe ni Kisima cha Giningi, cha 1968, cha Muhammed Said Abdulla yule Mzanzibari. Mwisho wako haumo mjomba, uliutunga.

Nikavitafuta na vingine, kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale kilichoshinda shindano la hadithi la 1957/58 kabla hata hakijachapwa. Watu humlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes na hawajakosea, kiko kipo, rafiki wa kumshangaa yupo, Najum, kama Holmes alivyo na Watson wake kule London. Lakini mi nilichokiona ni kwamba siri zenyewe mara nyingi ni za ndani ya nyumba, nani mtoto wa nani, nani anampenda nani na hasemi, mali ya marehemu inaenda wapi. Mke Mmoja Waume Watatu, hilo jina tu si unasikia kabisa kikao cha ukoo. Watu hawadanganyi kwa ubaya tu, wengine wanadanganya kwa sababu wanapenda mtu, na hao ndo wagumu kuwakamata.

Ndo nikaikumbuka mashine yako.

Mashine ya mtumbwi iliibiwa, tukaambiwa kaiba baharia wako wa kuvua dagaa, yule kijana wa Ukerewe aliyekuwa ananichongea vigari vya mabua ya mtama. Alifukuzwa asubuhi ile ile, hata hesabu yake ya mwezi hakupewa, namwona mpaka leo anaondoka na ndala moja mguuni, nyingine kaishika mkononi imekatika. Mi nilikuwa mtoto nikaamini. Lakini mjomba, zile zilikuwa siku za mbalamwezi! Nakumbuka kwa sababu tulikuwa tunacheza nje usiku. Na mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi inakaa mwaloni pale ufukweni, mashine zinafunguliwa zinaletwa nyumbani. Ya kwako ilikuwa stoo, na kufuli halikuvunjwa, nililiona mwenyewe asubuhi linaning'inia zima kabisa. Baharia alikuwa analala kambini mwaloni. Ufunguo ulikuwa na watu wawili, wewe na mdogo wako.

Na mdogo wako mwezi ule ule alikamilisha ng'ombe wa mahari waliokuwa wamepelea, wakwe wa Sengerema waliokuwa wameanza kusema binti yao atarudi nyumbani wakanyamaza. Anti akabaki. Yule yule anti aliyenipikia uji nilipougua, mama wa hawa watoto wanaokusomea hapa (wanangu rukeni hii sehemu, hahaha, mmechelewa).

Ulijua. Sidhani ulihitaji hata siku mbili. Na nimekaa na hii kitu wiki nzima sijui nikulaumu wapi, maana mdogo wako ungemtaja ndoa ile ingekufa, bibi angekufa kwa aibu, na sisi wote tunaoenda pale Krismasi tusingekuwa na pa kwenda. Hilo nalielewa. Nisicholielewa ni kwa nini ilibidi apatikane mtu wa kubeba. Ungesema tu haijulikani! Wezi wa mashine ziwani wapo kila siku, nani angekuuliza? Ulimchagua yeye kwa sababu hakuwa na shangazi wala mjomba pale wa kumsemea, mtu wa kuja, kama wa kwenye mwisho wako. Nahisi ulikuwa unanisimulia mimi huku unajisimulia mwenyewe.

Mdogo wako simsemi tena, ana wajukuu na magoti yanamuuma, na mashine nyingine ulishanunua.

Jumamosi nakuja na kitabu, kurasa zote zipo, nimekifunika na gazeti. Usiniandalie sato, dagaa inatosha. Nachotaka ni jina la kijiji cha yule baharia, najua unalijua maana ulimtoa kwao mwenyewe. Meli ya Nansio, ya kwenda Ukerewe, nitapanda peke yangu, na hesabu yake ya ule mwezi nimeshaiweka pembeni, we utaniambia tu ilikuwa shilingi ngapi.