Kabla hamjamtoza mtu faini angalieni kwanza tarehe za kompyuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongee na makatibu wenzangu wa vikoba, makarani na wale wanaofundisha kompyuta mitaani, maana hili jambo limeshaniumiza na najua siko peke yangu.

Mi ni katibu wa kikundi cha kukopeshana hapa Morogoro. Daftari tunalo bado ila hesabu za mikopo tumehamishia kwenye Excel, ile programu ya kompyuta ya kupigia hesabu kwenye jedwali, na mkopo wetu ni wa miezi mitatu, ukichelewesha faini ni shilingi 500 kwa siku. Sasa kikao cha tarehe 12 Oktoba 2024 nikafungua laptop nikasoma majina ya wanaodaiwa, nikafika kwa mama mmoja anauza vitumbua, kompyuta inasema kachelewa siku 65, faini 32,500. Mama wa watu akasimama akasema mwanangu hela mi nimechukua juzi tu hapa, wiki ile ya Nane Nane, nilinunua mchele na mafuta nikaenda kuuzia kule viwanjani, hiyo miezi mitatu imeisha lini? Watu wakaanza kuguna, wengine wanasema kompyuta haidanganyi, mama akakaa chini anafuta macho na kitenge. Nikaomba daftari. Kwenye daftari iko wazi kabisa, kachukua 05/08/2024, na nilivyoingiza kwenye Excel ni hivyohivyo, 05/08/2024, sijakosea hata tarakimu moja.

Kumbe ile laptop imewekwa mpangilio wa Marekani, na Wamarekani wanaanza na mwezi ndo inafuata siku. Kwa hiyo mimi nimeandika tano mwezi wa nane, yenyewe imeelewa nane mwezi wa tano, ikahesabu miezi mitatu kuanzia Mei ikapata mkopo uliisha tarehe 8 Agosti. Na mbaya zaidi ni kwamba haikosei zote. Tarehe ya 1 mpaka ya 12 inazigeuza kimyakimya, ila ukiandika 14/08/2024 inakuta hamna mwezi wa 14 basi inaiacha kama maneno tu, na fomula ikija pale inatoa kosa. Ndo maana waliokopa katikati na mwisho wa mwezi hawakuonekana kabisa kwenye orodha ya faini, hata yule ambaye kweli kachelewa, halafu aliyekopa mwanzoni mwa mwezi ndo anabanwa.

Dalili ipo ukiijua. Tarehe ambayo Excel imeielewa inakaa upande wa kulia wa kijisanduku kama namba, ile iliyobaki maneno inajibana kushoto, labda kama mtu kazipanga mwenyewe. Mi nilikuwa naona nyingine kulia nyingine kushoto nikadhani ni urembo tu. Na nikikumbuka siku tunafundishwa, mwalimu alitujaribishia na Saba Saba na Nane Nane, sasa 07/07 na 08/08 hata ukigeuza zinabaki zilezile! Angetupa ya Uhuru, 09/12, tungeona inageuka kuwa Septemba tarehe 12, au ya Muungano, 26/04, tungeona inagoma. Walimu nawaomba sana, jaribisheni na hizo.

Kitu kingine hatukuambiwa ni kwamba kwa Excel tarehe ni namba tu, inahesabu siku tangu 1 Januari 1900 ambayo ndo namba 1, kwa hiyo 5 Agosti 2024 ni 45509. Ukikuta 45509 kwenye kolamu ya tarehe usidhani faili limeharibika, badilisha fomati tu, yaani namna kijisanduku kinavyoonyesha namba, irudi tarehe. Ila hapohapo kuna mtego, ukishagundua kosa ukaenda kwenye mipangilio ya kompyuta ukatoa Marekani ukaweka Tanzania, zile zilizogeuka hazirudi zenyewe, namba iliyohifadhiwa ni ya Mei na itabaki ya Mei, inabidi ukae na daftari uingize upya moja moja. Mi nilikesha siku mbili.

Upande wa saa nao una kilio chake. Ofisi ninayofanyia kazi mchana, mlinzi wa usiku anasaini daftari la getini kwa saa zetu, kaingia saa 12 katoka saa 12, yaani jioni mpaka asubuhi. Karani anaingiza 12:00 na 12:00, Excel inatoa jibu 0:00. Mzee kakesha na baridi ya Uluguru halafu karatasi inasema hajafanya kazi hata dakika moja. Tukabadilisha, jioni ikawa 18:00 na asubuhi 6:00, sasa zikaja alama za reli tupu kwenye kijisanduku, kwa sababu sita ukitoa kumi na nane unapata hasi na Excel haiwezi kuonyesha muda hasi. Dawa yake ni kuandika =MOD(B2-A2,1), A2 ni kuingia na B2 ni kutoka, hapo masaa 12 yanakuja. Tukajumlisha mwezi, mzee kafanya usiku 26, ambayo ni masaa 312, jumla ikaja tena 0:00! Hii ni kwa sababu fomati ya kawaida kila ikifika 24 inaanza upya kama saa ya ukutani, na 312 ni siku 13 kamili. Mpaka uweke fomati ya [h]:mm, hiyo h iwe ndani ya mabano ya mraba, ndo inasoma 312:00. Jamani huu ni mshahara wa mtu.

Kwetu kikundini sasa hivi mwezi tunaandika kwa herufi, 5-Aug-2024, na mwaka wote tarakimu nne. Iwe Aug na May, usiandike Ago wala Mei, maana kompyuta iliyowekwa Kiingereza haizijui hizo, itaona ni maneno. Na faini haisomwi kikaoni kabla mtu wa pili hajalinganisha na daftari.

Yule mama tulimwomba radhi mbele ya wote na faini ikafutwa. Muda wake halisi ulikuwa mpaka 5 Novemba, na tarehe 2 Novemba alikuja kumaliza deni lote, ila alinisimamia mezani mpaka aone nimeandika kwa peni kwenye daftari kwanza ndo akaniruhusu nifungue laptop.

Katibu wa kikundi,
Morogoro